NOELI ISIYO NA DENI
Sindano, uzi na mabaki ya vitenge vyatosha kuipamba nyumba yako

Majilio yakiingia, katika nyumba nyingi huzuka swali moja: Je, mwaka huu Noeli tutaifanyaje? Watoto wataka zawadi. Mama ataka nyumba ipendeze. Baba anapapasa mfuko wake, naye akiona hautoshi, huenda dukani kukopa. Noeli yapita kwa shangwe, kumbe Januari imekwisha kukaa mlangoni yatungoja.

Twaijua Januari. Shule zafunguliwa. Ni kweli kwamba hapa Tanzania ada ya shule za serikali, toka darasa la kwanza hata kidato cha nne, iliondolewa tangu mwaka 2016. Lakini sare, viatu, madaftari na mfuko wa kuyabebea bado ni mzigo wa mzazi. Basi yafaa nini nyumba ing'ae kwa mapambo ya dukani siku kumi, kisha mtoto aende shule mikono mitupu?

Sisemi tuinyime Noeli furaha yake. La! Nasema furaha hiyo yaweza kushonwa nyumbani, kwa mikono yetu wenyewe. Kazi yangu parokiani ni kalamu na vitabu vya ubatizo, lakini chuoni ualimu tulifunzwa pia kazi za mikono, na haya nitakayoyaeleza yanaweza kufanywa na mtoto wa darasa la nne akiwa na mkubwa karibu yake.

PANGO LA KWANZA HALIKUWA LA BEI

Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitaka watu waone kwa macho yao umaskini wa Mtoto Yesu. Basi katika kijiji cha Greccio, nchini Italia, alitengeneza hori lenye manyasi, akaleta ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa hapo usiku wa Noeli. Hapakuwa na sanamu za kupakwa dhahabu. Vilitumika vitu vya kijijini tu. Na tarehe 1 Desemba 2019 marehemu Papa Fransisko alikwenda Greccio huko huko, akatia sahihi barua ya kuzihimiza familia ziendelee na desturi hii njema ya kutengeneza pango nyumbani.

Kwa hiyo asiye na fedha asione haya. Mwinjili Luka atuambia kwamba Maria alimvika Mtoto nguo za kitoto, akamlaza horini. Kitambaa kilikuwapo tangu usiku ule wa kwanza.

Majilio yana Dominika nne. Tugawe kazi yetu kwa majuma. Lakini angalia: juma la nne huweza kuwa fupi sana. Mwaka 2023 lilikuwa siku moja tu, maana Dominika ya nne iliangukia tarehe 24 Desemba. Basi kazi yote na iishe katika majuma matatu.

JUMA LA KWANZA: KUKUSANYA

Nenda kwa fundi cherehani, umwombe kwa adabu vipande anavyovitupa. Angalia pia nyumbani: kanga iliyochakaa katikati lakini pindo lake bado zima, shati lililopasuka mgongoni, suruali iliyoisha magotini. Vifungo vyote vikatwe, viwekwe koponi. Fua vitambaa, vianike, vipige pasi.

Kisha vitenge upate kuvijua, kwa maana siku hizi si vyote ni pamba. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo, uuwashe juu ya sahani ya bati. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa kiwandani usio pamba huyeyuka, ukaganda kama shanga ngumu. Weka kila aina mahali pake. Utaona sababu mbele. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima, si mtoto.

Kwa kujazia ndani, hakuna kitu kizuri kama usufi, ikiwa msufi uko karibu nawe. Kama hauko, katakata vitambaa vibovu vipande vidogo sana, navyo vyafaa.

JUMA LA PILI: NYOTA NA PANGO

Nyota. Chukua kadi ya boksi, uchore nyota yenye upana wa sentimeta 12, uikate. Kunja kitenge mara mbili, upande mzuri uonekane nje, uilaze kadi juu yake, uizungushe kalamu. Sasa hapa ndipo wengi hukosea: hukata kwanza, kisha wakashona, na kitambaa kikawachezea mikononi. Shona kwanza! Fuata mstari kwa mishono midogo, uache nafasi ya vidole viwili. Halafu kata nje ya mstari, ukiacha nusu sentimeta. Jaza usufi kwa kijiti hata kwenye ncha, ufunge nafasi ile, utie kitanzi cha uzi. Nyota kumi za rangi mbalimbali juu ya tawi la mvinje zapendeza kabisa. Kata tawi tu, usiung'oe mche.

Mtoto Yesu. Kata duara la kitambaa cha kahawia, upana wake sentimeta 12. Pitisha uzi ukingoni kuzunguka pande zote, weka usufi katikati, uvute uzi: utapata kichwa kama ndimu. Kwa mwili, viringisha kitambaa chenye upana wa sentimeta 10, kama unavyokunja mkeka, hata unene ufike vidole viwili. Shonea kichwa juu yake, kisha uufunge mwili kwa utepe mweupe wa upana wa sentimeta 3. Macho yafumbwe kwa mishono miwili ya uzi mweusi, kwa kuwa amelala.

Maria na Yosefu. Miili yao ni magunzi makavu ya mahindi. Kata gunzi chini liwe sawa, lipate kusimama. Tengeneza vichwa kama ulivyofanya kwa Mtoto, uvishonee kwenye kitambaa kilichofungwa juu ya gunzi. Maria umvike buluu na kumtanda kipande cha kanga. Yosefu umpe joho la rangi ya udongo. Hori lifumwe kwa ukindu au lifungwe kwa vijiti, nanyi watoto mtafute nyasi kavu.

Pango laweza kusimama mapema, lakini hori libaki tupu. Mtoto hulazwa humo usiku wa tarehe 24, na anayemlaza awe mdogo kuliko wote nyumbani.

JUMA LA TATU: ZAWADI

Mfuko wa shule. Hii ndiyo zawadi ninayoisifu kuliko zote, kwa kuwa hufurahisha Desemba na kusaidia Januari. Kitambaa kiwe kigumu, kama cha suruali ya zamani. Kata vipande viwili, upana sentimeta 35 na urefu sentimeta 42. Vilaze upande mzuri ndani, ushone pande tatu: sindano iende mbele hatua mbili, irudi nyuma hatua moja, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha rudia mshono wote mara ya pili, maana madaftari ni mazito. Kunja pindo la juu sentimeta 4, ulishone. Kwa mikanda, kata vipande viwili vya upana wa sentimeta 8 na urefu wa sentimeta 60, uvikunje mara nne kwa upana, uvishone, uvitie ndani ya pindo. Geuza mfuko. Mwisho darizi jina la mtoto kwa uzi mwekundu. Mfuko wenye jina hauibwi upesi, wala haubadilishwi na wa mwingine.

Kitambaa cha kushikia sufuria. Hiki ni cha mama au bibi. Kata miraba ya pamba ya sentimeta 20, uipange mitano au sita, ushone ukingo pande zote, kisha upitishe mishono toka pembe hata pembe. Hapa ndipo lile jaribio la moto linapoleta faida: kitambaa kinachoyeyuka kikishika sufuria ya moto, huganda kwenye ngozi na kuunguza vibaya. Tumia pamba tupu.

Mwanasesere wa mtoto mchanga. Usimtie vifungo wala shanga, kwa kuwa mtoto mdogo hung'oa na kumeza. Macho na mdomo vidariziwe kwa uzi.

MANENO MATATU YA KUONYA

La kwanza: nyota na pango lenye nyasi visikae karibu na mshumaa wala kibatari. Furaha ya Noeli isigeuke moto wa nyumba.

La pili: sindano zihesabiwe jioni kabla ya kulala. Sindano iliyopotea mkekani itaonekana mguuni.

La tatu ni kwenu, akina baba. Msiseme kushona ni kazi ya wasichana. Tazameni barazani pa maduka, mafundi cherehani wangapi ni wanaume wanaolisha nyumba zao kwa kazi hiyo? Basi mvulana naye apewe sindano. Huenda ndipo atakapoanza kuipenda kazi itakayomtunza.

Tena, wenye nyumba, vihesabuni vitu mlivyoshona, na kimoja zaidi ya hesabu ya watu wenu kiende nje: kwa mjane, kwa mgonjwa, kwa mtoto asiye na wa kumshonea. Mtoto wako na akipeleke mwenyewe. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naye atakayejifunza hayo akiwa na miaka minane hatayasahau akiwa na themanini.

Nazo fedha ambazo zingekwenda kwenye mapambo, zifungeni kitambaani, muziweke. Tarehe ya kufungua shule ikifika, zifungueni, mkanunue madaftari. Hapo mtaona kwamba Noeli yenu haikupungukiwa kitu. Nawatakieni Majilio mema yenye kazi, na Noeli yenye amani.