Samaki Hai Safarini: Angalia Maji Kwanza

Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu wale waliochimba mabwawa ya samaki, hasa nyinyi wa Ilongero na vijiji vya jirani, kaskazini ya mji wa Singida. Mmezoea kulima alizeti, mtama na vitunguu, na kuku wenu wanajulikana mpaka Dar es Salaam. Sasa wengine wenu mmeongeza na samaki. Ni jambo jema.

Lakini ipo hasara moja inayojirudia. Mkulima ananunua vifaranga wa samaki, anawasafirisha, anawatia bwawani, na baada ya siku mbili tatu anawakuta wanaelea tumbo juu. Analaumu bwawa, analaumu chakula, hata jicho la jirani. Kumbe mara nyingi samaki hao waliuawa na safari, ila kifo kilichelewa tu.

Tuanze na pumzi ya samaki. Samaki naye anahitaji oksijeni kama wewe na mimi, isipokuwa yeye anaichuja kutoka katika maji kwa mashavu yake. Na katika maji oksijeni ni kidogo sana. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni mara 30 hivi kuliko lita moja ya maji. Tena maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo zaidi: maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika miligramu 9 hivi kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hayazidi miligramu 7 na nusu. Hapo ni pwani. Kwetu Singida, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kiasi hicho kinapungua tena. Basi ndoo iliyojaa vifaranga, ikiwekwa juani kituo cha basi, ni kama chumba kilichojaa watu na madirisha yamefungwa.

Adui wa pili ni uchafu wa samaki mwenyewe. Samaki hutoa sumu iitwayo amonia, nyingi yake ikipitia mashavuni. Bwawani inatawanyika. Ndani ya mfuko haina pa kwenda, inamrudia mwenyewe. Na samaki aliyekula asubuhi anachafua maji kuliko yule mwenye tumbo tupu.

Adui wa tatu ni badiliko la ghafla. Damu ya samaki haina joto lake yenyewe kama ya ng'ombe. Joto la maji ndilo joto lake. Ukimtoa kwenye mfuko uliopata moto ndani ya gari, ukamtupa kwenye bwawa la baridi ya Juni au Julai, umempiga pigo kubwa. Huenda asife papo hapo, lakini ananyong'onyea na maradhi yanampata.

Wapo watakaosema: “Aa, samaki ni samaki tu, hasikii uchungu.” Ndugu, samaki hana sauti ya kulia, lakini hiyo si dalili kwamba hana maumivu. Mwaka 2003 huko Uingereza, mtaalamu Lynne Sneddon na wenzake walionyesha kwamba samaki aina ya trauti ana mishipa ya fahamu inayopokea maumivu, na akiumizwa mdomoni anaacha kula na tabia yake inabadilika. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kwa hiyo kumtunza samaki safarini ni kulinda fedha yako, na pia ni kumtendea haki kiumbe uliyemchukua mikononi mwako.

Je, inawezekana samaki kusafiri mbali na kufika mzima? Inawezekana sana. Ziwa Tanganyika lina samaki wengi wadogo wa rangi nzuri ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha hai kutoka Bujumbura, Burundi, kwenda kuuzwa ng'ambo kwa watu wanaofuga samaki wa mapambo katika matangi ya kioo. Samaki wa namna hiyo huvuka bahari kwa ndege. Wanafika wazima kwa sababu hawalishwi kabla ya safari, wanafungwa katika mfuko wenye maji kiasi na oksijeni nyingi, na mfuko unatiwa katika sanduku lisilopitisha joto wala baridi. Lakini wakifika dukani, tangi likisongwa samaki na maji yasitunzwe, wanakufa kwa sababu zile zile nilizozitaja. Samaki wa mapambo na kifaranga wa sato, shida yao ni moja: maji.

Sasa tufanye nini? Siku ya kununua, usianze kwa kuhesabu samaki. Angalia maji waliyomo. Kama yananuka, au samaki wamekusanyika juu wanahema kwa midomo, hiyo si dalili njema. Kataa wenye vidonda, wenye utando kama pamba, na wanaoogelea upande. Chukua wa ukubwa unaolingana.

Muulize muuzaji: “Wamekaa bila kula tangu lini?” Wanatakiwa wafunge siku nzima kabla ya safari. Kisha mwambie safari yako ni ya saa ngapi. Kutoka kituo cha Kingolwira, Morogoro, mpaka Singida mjini tu ni kiasi cha kilomita 500, na bado Ilongero iko mbele. Safari ikiwa ndefu, samaki katika kila mfuko wawe wachache. Usione uchungu kulipia mifuko zaidi. Mfuko ni nafuu kuliko samaki waliokufa.

Mfuko uwe mnene, na utiwe mmoja ndani ya mwingine. Maji yawe theluthi moja, na theluthi mbili zilizobaki zijazwe oksijeni ya mtungi. Usikubali mfuko uliojazwa maji pomoni, kwa maana samaki hana akiba ya hewa. Kama hakuna mtungi na safari ni fupi, tumia debe au ndoo yenye mdomo mpana, samaki wachache, na uwe unayatikisa maji polepole yapate hewa.

Njiani, safiri alfajiri au jioni. Funika mifuko kwa gunia lenye unyevu, iweke kivulini mbali na injini. Usiifungue ili kuchungulia. Mfuko ukifunguliwa, hewa chafu iliyoyeyuka majini inatoka, na hapo ile amonia inazidi kuwa kali. Kwa sababu hiyo, usifungue mpaka ufike bwawani. Wenye maji ya magadi mwe waangalifu zaidi, kwani katika magadi amonia ni kali mno. Ni vizuri bwana samaki wa wilaya ayapime maji yako kabla hujanunua hata kifaranga mmoja.

Mkifika bwawani, msiwe na haraka. Eleza mfuko juu ya maji, ukiwa umefungwa na uko kivulini, muda wa dakika 20 hadi 30, joto lilingane. Halafu fungua, tia maji ya bwawa kikombe kimoja kimoja kwa dakika 10 hivi. Mwisho laza mdomo wa mfuko majini, samaki watoke wenyewe. Usiwamwage kutoka juu, na maji machafu ya mfuko yamwage nje ya bwawa. Siku hiyo usiwalishe. Asubuhi zunguka bwawa, uokote waliokufa na uwahesabu, upate kujua safari ilikwendaje.

Kwa ufupi, ndugu mkulima: wafunge siku moja, wawe wachache katika mfuko, wapate oksijeni na kivuli, na waingie bwawani polepole. Anayenunua samaki hai ananunua na maji yake. Ayaangalie kwanza.