KUJIFUNZA MANENO YA KILA SIKU NA KUHIFADHI UTAMADUNI: MFANO WA KICHEROKEE

Ikisiri

Makala hii inachunguza uhusiano uliopo baina ya kujifunza msamiati wa kila siku na kuhifadhi utamaduni katika lugha iliyo hatarini kutoweka. Mfano unaotumika ni Kicherokee, lugha ya wenyeji wa Marekani. Hoja ya makala ni kwamba maneno ya salamu na shukrani ni mlango muhimu wa kuingilia lugha, lakini mlango si nyumba. Sehemu kubwa ya utamaduni wa Wacherokee imehifadhiwa katika kitenzi na viambishi vyake, na hiyo ndiyo sehemu inayopotea kwanza pale lugha inapofundishwa kama orodha ya maneno tu.

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wamezoea kupima afya ya lugha kwa idadi ya wazungumzaji wake. Kipimo hiki kina manufaa, lakini kinaweza kupotosha. Taifa la Cherokee, ambalo makao yake makuu yapo Tahlequah katika jimbo la Oklahoma, lina raia zaidi ya 450,000. Hata hivyo, mwaka 2019, baraza la pamoja la makabila matatu ya Cherokee yanayotambuliwa na serikali ya Marekani lilitangaza hali ya hatari kuhusu lugha yao. Wakati huo wazungumzaji wazawa walikadiriwa kuwa takriban 2,000 tu, na wengi wao walikuwa wazee. Makabila hayo ni Taifa la Cherokee na Kundi la Keetoowah, yote mawili ya Oklahoma, pamoja na Kundi la Mashariki lililopo North Carolina.

Ni dhahiri basi kwamba wingi wa watu si wingi wa wasemaji. Maelfu ya Wacherokee wanajua kusema *osiyo* wanapoamkiana na *wado* wanaposhukuru. Swali linaloshughulikiwa katika makala hii ni hili: mtu anayejua maneno hayo amepata nini, na bado amekosa nini?

2.0 Usuli wa kihistoria

Kicherokee ni lugha ya jamii ya Kiirokwoi, na ndiyo pekee iliyosalia katika tawi la kusini la jamii hiyo. Asili ya wasemaji wake ni milima na mabonde ya kusini-mashariki mwa Marekani. Lugha ilikuwa na lahaja tatu kuu. Lahaja ya Chini, iliyokuwa na sauti *r*, imekwisha kutoweka, na ndiyo iliyozaa jina "Cherokee" linalotumiwa na wageni. Lahaja zilizosalia hazina sauti hiyo, na wasemaji wake hujiita *Tsalagi*.

Jambo lililoipa lugha hii sifa ya pekee ni hati yake. Sequoyah, mfua fedha ambaye hakujua kusoma lugha yoyote, alibuni mfumo wa alama za silabi ulioelekea kukamilika mwaka 1821. Mwanafunzi wake wa mwanzo alikuwa binti yake, Ayoka. Mwaka 1825 Taifa la Cherokee liliukubali mfumo huo rasmi, na tarehe 21 Februari 1828 gazeti la *Cherokee Phoenix* lilianza kuchapishwa huko New Echota, Georgia, kwa Kicherokee na Kiingereza, mhariri wake akiwa Elias Boudinot. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake iliandikwa kwa hati za Kiarabu karne nyingi kabla ya hati za Kirumi kuenezwa na wakoloni, hatashangaa kusikia kwamba jamii inaweza kuwa na maandishi yake bila kusubiri shule ya mgeni.

Hata hivyo, maandishi hayakuwa ngao ya kutosha. Sheria ya kuwahamisha Wahindi Wekundu ilipitishwa mwaka 1830, na katika miaka ya 1838 na 1839 Wacherokee wapatao 16,000 waliondolewa kwa nguvu kutoka katika nchi yao na kupelekwa magharibi. Waliokufa katika msiba huo, unaojulikana kama Njia ya Machozi, hukadiriwa kuwa takriban 4,000. Wachache waliosalia milimani ndio chimbuko la Kundi la Mashariki. Baadaye zikaja shule za bweni, ambamo watoto wa wenyeji waliadhibiwa kwa kusema lugha za mama zao. Waliopigwa kwa ajili ya lugha walipokuwa wazazi, wengi wao waliamua kutowarithisha watoto wao adhabu hiyo. Hivi ndivyo mnyororo wa urithishaji ulivyokatika: haukukatwa shuleni peke yake, bali ulikatika nyumbani, kwa mapenzi ya mzazi kwa mwanawe.

3.0 Maneno ya kila siku na mzigo wake

3.1 Majina

Mwanafunzi anayeanza hufundishwa majina ya vitu vilivyo karibu naye: *ama* (maji), *selu* (mahindi), *yona* (dubu), *wesa* (paka). Hata katika ngazi hii utamaduni umo. *Selu* si jina la nafaka tu. Katika masimulizi ya Wacherokee ni jina pia la mama wa kwanza, mke wa mwindaji Kanati, ambaye mwilini mwake ndimo mahindi yalimotoka. Hali kadhalika, neno *gadugi* hutaja desturi ya watu kukusanyika na kufanya kazi ya mwenzao bila ujira, jambo ambalo sisi tungeliita ujima au msaragambo. Anayejifunza neno hilo bila kushika jembe amejifunza nusu yake.

Majina huonyesha pia jinsi lugha inavyopokea mambo mapya kwa mali yake yenyewe. Neno *kamama* lina maana ya kipepeo. Wacherokee walipohitaji jina la tembo, mnyama asiyekuwepo katika misitu yao, walitumia neno hilohilo, na maelezo yanayotolewa ni kwamba masikio ya tembo hufanana na mbawa za kipepeo. Lugha inayoweza kumtazama tembo kwa jicho lake haijafa.

Majina ya jamaa yana sharti jingine. Kwa kawaida hayasemwi bila mwenyewe kutajwa: *edoda* ni babangu, *tsadoda* ni babako, *udoda* ni babake. Anayefikiri kwamba amejua neno la "baba" kwa kukariri umbo moja hajatambua kwamba, kwa Mcherokee, hakuna baba asiyekuwa wa mtu. Jambo hili lina uzito katika jamii ambayo mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mamake, na ambayo koo zake saba bado hutajwa kwa majina yanayoanza kwa kiambishi cha wingi *ani-*, kama vile *Aniwaya*, ukoo wa Mbwa Mwitu.

3.2 Kitenzi

Ni katika kitenzi ambapo lugha hujifunua. Kama ilivyo katika Kiswahili, kitenzi cha Kicherokee hubeba kiambishi cha nafsi, na neno moja laweza kuwa sentensi kamili. Lakini mgawanyo wa nafsi ni mpana kuliko wetu. Tazama kitenzi cha kwenda:

(1) *gega* – ninakwenda
(2) *hega* – unakwenda
(3) *ega* – anakwenda
(4) *inega* – tunakwenda, mimi na wewe
(5) *osdega* – tunakwenda, mimi na yeye, si wewe
(6) *idega* – tunakwenda sote, nawe ukiwemo
(7) *otsega* – tunakwenda, mimi na wao, si wewe
(8) *sdega* – mnakwenda, ninyi wawili
(9) *itsega* – mnakwenda, ninyi watatu au zaidi
(10) *anega* – wanakwenda

Mahali ambapo Kiswahili kinatosheka na *tunakwenda*, Kicherokee kinamtaka msemaji aamue mambo mawili kabla ya kufungua kinywa: je, ni wawili au zaidi? Na je, anayeambiwa yumo au hayumo? Kwa maneno mengine, sarufi yenyewe inamlazimisha msemaji kumhesabu mwenzake kila anaposema "sisi". Adabu hii haiwezi kufundishwa kwa kadi zenye picha.

Aidha, nafsi ya mtenda na ya mtendwa huweza kuunganika katika kiambishi kimoja. Katika *gvgeyui* (nakupenda), kiambishi *gv-* kinabeba "mimi" na "wewe" kwa pamoja, wala hatuwezi kukipasua kama tunavyoweza kutenga *na-* na *-ku-*. (Herufi *v* katika maandishi ya Kirumi ya Kicherokee ni irabu inayotamkwa puani.)

Sifa nyingine inayomhusu moja kwa moja mwanaisimu wa lugha za Kibantu ni uainishaji. Sisi tumezoea ngeli zinazokaa kwenye nomino na kutawala upatanisho. Katika Kicherokee uainishaji unakaa kwenye vitenzi vya kushika, kupa na kubeba. Umbo la kitenzi hubadilika kufuatana na kitu kinachoshikwa: kilicho hai, kinachokunjika, kigumu kirefu, kimiminika kilichomo chomboni, au kitu cha kawaida kisichoingia katika makundi hayo. Basi mtoto anayeomba apewe paka, blanketi, fimbo, maji ya kunywa au jiwe hatumii kitenzi kimoja. Mwanafunzi aliyekariri majina yote matano bila vitenzi vyake hawezi kuomba hata kimoja kama mwenyeji anavyoomba.

3.3 Maandishi na sauti

Hati ya Sequoyah, yenye alama 85 katika matumizi ya sasa, ni fahari ya taifa, na leo huonekana katika vibao vya mitaa ya Tahlequah na katika simu za mkononi. Lakini haionyeshi toni wala urefu wa irabu. Neno la maji na neno la chumvi yote huandikwa *ama*. Tofauti yao imo katika matamshi ya irabu. Kwa mzawa hili si tatizo, kwani sikio lake hukamilisha kile ambacho jicho halikioni. Kwa mgeni ni mtego. Ndiyo maana kamusi ya Kicherokee na Kiingereza ya Durbin Feeling, iliyotoka mwaka 1975 na kuonyesha toni kwa tarakimu, ni kazi ya thamani kubwa. Lakini kamusi haina koo, na maandishi hayawezi kuchukua nafasi ya mzee anayesema.

4.0 Jitihada za uhifadhi

Jitihada za Wacherokee zaweza kugawanywa katika makundi matatu. La kwanza ni shule ambamo masomo hufundishwa kwa Kicherokee. Taifa la Cherokee lilianzisha shule ya namna hiyo mwaka 2001, na Kundi la Mashariki lina shule ya New Kituwah. Ugumu wake unajulikana: mtoto husema Kicherokee darasani, kisha hurudi katika nyumba inayosema Kiingereza.

Kundi la pili ni mafunzo ya watu wazima. Katika mpango wa mabingwa na wanagenzi, wanafunzi hulipwa posho ili wakae na wazungumzaji wazawa saa 40 kwa juma kwa muda wa miaka miwili. Lengo ni kupata walimu, na pia kupata wazazi. Mpango huu unakiri ukweli ambao mipango mingi ya lugha huukwepa, yaani kwamba lugha haijifunzwi kwa saa moja ya jioni, na kwamba mtu mzima mwenye familia hawezi kuacha kazi yake bila riziki.

Kundi la tatu ni hatua za kisiasa na kifedha. Mwaka 2019 Taifa la Cherokee lilipitisha sheria iliyopewa jina la Durbin Feeling na kutenga dola milioni 16 kwa ajili ya lugha; mwaka 2022, baada ya Feeling kufariki mwaka 2020, kituo cha lugha chenye jina lake kilifunguliwa Tahlequah. Tukio moja latosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Chanjo ya UVIKO-19 ilipofika mwishoni mwa mwaka 2020, Taifa la Cherokee liliwaweka wazungumzaji wazawa miongoni mwa watu wa mwanzo kuchanjwa. Msemi wa lugha alihesabiwa kuwa hazina ambayo taifa haliwezi kuinunua tena.

5.0 Majadiliano

Je, tudharau basi *osiyo* na *wado*? La hasha. Neno la salamu hufanya kazi ambayo sarufi haiwezi kuifanya: humwambia kijana aliyelelewa kwa Kiingereza kwamba lugha hii ni yake pia, na humwondolea haya ya kukosea. Kosa ni kudhani kwamba safari imekwisha. Maneno yaliyobaki kama mapambo ya hotuba na fulana huonyesha mtu ametoka wapi, lakini hayamwezeshi kuzungumza na bibi yake.

Mwandishi anapendekeza kwamba anayeanza afundishwe mapema vitenzi vichache vya nyumbani, pamoja na viambishi vyake vyote, kuliko majina mia moja yasiyo na kitenzi. Mtu anayeweza kusema "tunakwenda, mimi na wewe" na "nipe maji" katika maumbo yake halisi amegusa namna Wacherokee wanavyowapanga watu na vitu.

Jambo hili linatuhusu. Kiswahili kwa lugha nyingi ndogo za Afrika Mashariki ndicho kinachokalia nafasi ambayo Kiingereza kinaikalia kwa Kicherokee. Hatukuwahamisha watu kwa bunduki, lakini matokeo nyumbani yaweza kufanana: bibi anasema lugha moja, mjukuu anajibu kwa nyingine. Idara zinazofundisha Kiswahili zina wajibu wa kuliona hilo, maana mkubwa ndiye mwenye nafasi ya kumsogelea mdogo.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba msamiati wa kila siku katika Kicherokee hubeba ukoo, chakula na desturi, na kwamba kitenzi hubeba zaidi ya hayo. Imeonyesha pia kwamba hati, kamusi, shule na fedha ni nyenzo tu. Kinachookoa lugha ni mzazi anayeisema kwa mtoto. Wacherokee wamepoteza nchi na kuijenga upya, wamechapa gazeti, wamelipoteza na kulifufua. Kama watairudisha lugha nyumbani, hilo litaamuliwa na wale watakaosema *inega* kwa mtoto aliye mkononi mwao, naye akaelewa kwamba yumo.