Gramu 500 za Kifyatulio

Katika mashindano ya bastola ya hewa, ambayo yalitiwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, mshindani husimama mita 10 mbele ya shabaha ambayo duara lake la alama kumi lina upana wa milimita 11.5 tu, akaunyosha mkono mmoja pasipo tegemeo, na kwa kidole cha shahada akavuta chuma kidogo ambacho kanuni zataka kisiachie ila kwa uzani usiopungua gramu 500. Wengi wasikiapo habari hiyo hudhani kwamba ubora wa kifyatulio ni wepesi wake, na kwamba fundi hodari ni yule awezaye kukishusha hadi ukingoni mwa sheria. Nami sikubaliani nao, kwa kuwa gramu hizo ni zile zile kwa mshindi na kwa ashikaye mkia, na kinachowatenga ni namna uzani huo ulivyogawanywa katika safari fupi ya kidole.

Safari yenyewe ni fupi, lakini madhara yake ni marefu. Tuseme kilengeo cha nyuma na cha mbele vimeachana milimita 320, kisha kidole kikavuta kwa pupa, kilengeo cha mbele kikahama milimita moja tu: kufika penye shabaha kosa hilo limekwisha kuwa milimita 31, na risasi iliyostahili kumi imeangukia saba.

Bastola za kale zilimpa fundi kazi ngumu, maana ndani yake mlikuwa na kamani nene iliyokazwa ili kuisukuma pistoni, na nguvu yote ya kamani hiyo ilizuiwa na ulimi mdogo wa chuma, ambao ndio kidole kilitakiwa kuuondoa. Kuupunguzia kidole mzigo kulihitaji wenzo juu ya wenzo, na kila wenzo ulioongezwa ulileta msuguano wake. Feinwerkbau ya Oberndorf, Ujerumani, katika Model 65 iliyotoka mwaka 1965, waliimudu kazi hiyo kwa ustadi wa kustaajabisha: waliifanya bastola iteleze juu ya reli zake ili mkono usihisi kishindo, na wakatia swichi ya kukibadili kifyatulio kutoka gramu 500 hadi 1360, ili mwenye kushindana pia kwa bastola ya baruti apate kujizoeza uzani mkubwa.

Mageuzi makubwa, kwa maoni yangu, hayakutoka katika kifyatulio chenyewe. Yalikuja pale hewa ilipoanza kushindiliwa mapema na kuwekwa katika mtungi chini ya mtutu, kwa kuwa tangu hapo ulimi ule hauzuii tena kamani nene, bali nyundo ndogo inayoigonga vali. Na mzigo ulipopungua, nyuso za chuma zikaweza kushikana kwa kiasi kidogo mno bila hatari ya kuteleza. Waliofanya kifyatulio cha umeme, kama Morini wa Uswisi katika bastola yao CM 162EI, walikwenda mbele zaidi: kidole hugusa swichi tu, na betri ikafanya yaliyosalia. Faida yake iliyo dhahiri ni katika mazoezi, kwani mtu aweza kufyatua mara nyingi mfululizo bila hewa wala risasi, pasipo kuikoki bastola kila mara.

Sasa tuje kwenye parafujo. Kifyatulio cha mashindano aghalabu kina hatua mbili: ya kwanza ni mwendo laini, mpaka kidole kikute kizuizi; ya pili ni kukishinda kizuizi hicho, nao mlio ukatoka. Mmoja huweka gramu 400 katika hatua ya kwanza na 100 zilizobaki katika ya pili, mwingine hupenda kizuizi kizito zaidi ili asikipite bila kujua. Yote mawili ni halali. Asilolikubali yeyote ni hatua ya pili yenye kukwaruza, inayosogea kwa shida kama mlango uliofura kwa mvua, kwa maana hapo mlengaji hajui saa ya kuachia. Parafujo nyingine huzuia kifyatulio kisiendelee kurudi nyuma baada ya mlio. Ikikazwa kupita kiasi, bastola haitafyatuka kabisa. Ile inayopima jinsi ulimi unavyoshika ndiyo ya hadhari kuliko zote, na mwanafunzi asiiguse.

Mwamuzi naye hapimi kwa kubahatisha. Bastola huelekezwa mtutu juu, uzani wa gramu 500 ukatundikwa katika kifyatulio, kisha ukainuliwa taratibu kutoka mezani. Kifyatulio kikiachia katika majaribio yote matatu, mshindani ameanguka. Ndiyo maana walio wajuzi huacha akiba ya gramu kumi au ishirini juu ya kiwango, maadam parafujo hulegea na kamani huchoka.

Basi wewe uliyekwisha kununua bastola, kabla ya kuzungusha chochote hakikisha haina risasi, andika mahali kila parafujo ilipokuwa, geuza moja tu kwa robo ya mzunguko, kisha pima upya. Na ukiona yafyatuka kwa kugongwa kidogo ubavuni, usiitumie tena. Ipeleke kwa fundi.