Mzigo Uhamie Kiunoni: Mikanda ya Kubebea Ditekta ya Dhahabu

Leo naomba tuzungumzie bega.

Kaka yangu yuko Chunya, mkoani Mbeya, na anatafuta dhahabu kwa ditekta, ile mashine ya kutambua metali ardhini. Mashine ni ya ubia, wamechangishana watu watatu na deni bado wanalilipa. Siku moja alinipigia simu usiku wa manane kwa saa za huku Texas. Akaniambia, "Dogo, mkono wa kulia haupandi. Hata shati navalishwa." Mkono usipopanda, zamu yake porini inapotea, na sehemu yake ya deni haimsubiri.

Nikamwuliza, "Kaka, ule mkanda uliokuja na mashine mnautumia?" Kimya kidogo. "Mkanda upi? Ile mikamba myeusi? Tunafungia mizigo kwenye pikipiki."

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Mimi ndiye niliyemsaidia kuipata ile mashine, mimi ndiye nasoma uhandisi, na sikuwahi kumweleza mkanda ule ni wa nini. Najua wengi wenu mmeshapigiwa simu ya namna hiyo: "Ukija likizo, niletee ditekta." Kwa hiyo kabla hamjabeba mzigo huo kwenye sanduku, someni haya.

Kilo mbili na nusu zinaumizaje?

Swali la haki kabisa. Mtu wa Chunya anabeba gunia, atalalamikiaje kilo mbili na nusu? Minelab GPX 5000, mashine ya Australia inayojulikana sana kwa wasaka dhahabu, ina kilo 2.4 bila betri. GPZ 7000 iliyotoka 2015 ina kilo 3.3 pamoja na betri. Garrett ATX, inayotoka kiwanda cha hapa hapa Texas kilichoanzishwa na Charles Garrett mwaka 1964 huko Garland karibu na Dallas, ina kama kilo 3. Ukiziweka kwenye mizani, hazitishi.

Tatizo ni mahali uzito ulipo. Koili, yaani lile duara la mbele linalofanana na ungo, liko mwisho wa fimbo, mbali na mwili. Tufanye hesabu ya wenzo, ile ya sekondari. Chukua mashine ya kilo 2.5 ambayo uzito wake, kwa wastani, uko sentimita 60 mbele ya bega. Msuli wa bega unaoinua mkono umeshika karibu sana na kiungo, tuseme sentimita 3. Zidisha 2.5 kwa 60, unapata 150. Gawa kwa 3, unapata 50. Yaani ili kushikilia kilo mbili na nusu, msuli unavuta kana kwamba umebeba kilo 50! Na hapo hatujahesabu uzito wa mkono wenyewe.

Halafu mashine haishikiliwi tu, inapepetwa kushoto na kulia. Ukipepeta mara moja kila sekunde mbili, kwa saa moja ni mara 1,800. Kwa saa tano ni mara 9,000. Bega gani litavumilia, jamani?

Utauliza kwa nini wasinunue nyepesi. Kwenye udongo wenye madini mengi ya chuma, mashine ndogo nyingi hupiga kelele ovyo, kila hatua ni "dhahabu". Wasaka dhahabu hupenda mashine zinazotuma mipigo mikali ya umeme ardhini kisha kusikiliza mwangwi wake, na hizo zinataka betri kubwa. Ukitaka kufika chini zaidi unaweka koili kubwa zaidi, na uzito unaongezeka pale pale pabaya, mwisho wa fimbo. Ni kweli zimeanza kupungua: GPX 6000 ya mwaka 2021 ina kilo 2.1 na betri ndani. Lakini bei yake si ya mchezo, na nyumbani mashine za zamani bado ndizo nyingi.

Bibi zetu walishalijua hili

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya, ambamo alikuwemo Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, ule unaoitwa mukwa. Walikuta kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu ya ziada inayopimika kwenye pumzi zake. Mwanamke wa kilo 60 anatembea na kilo 12 kana kwamba hana kitu. Utafiti wa baadaye, wa mwaka 1995, ulionyesha kwamba siri moja iko kwenye mwendo wao.

Sisemi kaka yangu abebe ditekta kichwani. Ninachosema ni kwamba uti wa mgongo na nyonga ni nguzo, na mzigo ukishuka wima kwenye nguzo, misuli inapumzika. Kilo 12 juu ya nguzo ni nafuu kuliko kilo 2.5 mwisho wa tawi. Mkanda wa ditekta una kazi hiyo moja: kuutoa mzigo kwenye tawi na kuushusha kwenye nguzo.

Hapa Sugar Land utaona hivyo hivyo kila wiki. Vijana wanaofyeka majani kando ya barabara hawashiki ile mashine kwa mikono mitupu. Wana mkanda begani, mashine inaning'inia, mikono inaelekeza tu. Wapiga picha za sinema nao wana fulana yenye mkono wa springi, Steadicam, iliyobuniwa na Garrett Brown katika miaka ya 1970, na inabeba kamera nzito kuliko ditekta yoyote. Mwaka 2017 kampuni ya Ford ilianza kuwapa baadhi ya wafanyakazi wake fulana ya EksoVest inayoinua mikono wanapofunga bolti juu ya vichwa vyao. Kazi ni tofauti, akili ni ile ile.

Mkanda wenyewe una nini

Mkanda kamili una vitu vinne. Kwanza, mkanda mpana wa kiunoni wenye sponji. Pili, mikanda miwili ya mabegani kama ya begi la shule. Tatu, kamba ya mpira inayotoka juu, upande wa mkono unaopepeta, na kushika fimbo ya mashine. Nne, mahali pa betri mgongoni. Betri ya GPX 5000 inakaa huko kwa makusudi: inaondoa uzito mkononi, na tena inavuta nyuma wakati mashine inavuta mbele, kwa hiyo mgongo haukunjwi. Mikanda mingine, kama ule unaokuja na GPZ 7000, huongeza fimbo yenye umbo la herufi J inayosukuma uzito kutoka begani hadi kwenye mkanda wa kiunoni.

Rudi kwenye hesabu yetu. Kamba ya mpira ikibeba kilo 2 kati ya 2.5, mkono unabaki na nusu kilo. Nusu zidisha kwa 60, gawa kwa 3, ni kilo 10. Kutoka 50 hadi 10, kwa kamba ya mpira tu!

Kuufunga sawasawa

Mkanda uliofungwa vibaya ni mateso mapya, na ndiyo maana wengi huutupa siku ya kwanza. Fuata utaratibu huu.

1. Funga kiuno kwanza. Mkanda ukae juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni. Ukaze, ndipo ufunge mabega, na ya mabegani iwe imelegea kidogo. Ukianza na mabega, uzito wote utaishia shingoni.

2. Tafuta kituo cha uzito. Laza fimbo ya mashine juu ya kidole mpaka isimame sawa bila kuinama upande wowote. Kamba ya mpira ifungwe hapo au mbele yake kidogo. Ukifunga nyuma sana, koili itachomeka chini. Ukifunga mbele sana, koili itainuka na kishikio kitashuka.

3. Pima mvuto. Simama wima, achia kishikio taratibu. Koili isimame karibu na ardhi, kama unene wa vidole viwili. Ikigusa chini, kaza. Ikiruka hadi gotini, legeza, la sivyo utakuwa unashindana na mpira badala ya mashine.

4. Tumia mpira mrefu kadiri inavyowezekana. Mpira mfupi hukaza sana koili inapofika pembeni, na kila mpepeto unakuwa ngazi ya kupanda.

5. Kama mnashirikiana mashine, kila mtu aweke alama yake kwenye mikanda kwa uzi wa rangi. Mmoja mrefu, mwingine mfupi. Mkanda wa mwenzako si wako.

Kitu ambacho mkanda hauwezi

Mkanda unapunguza uzito, lakini haupunguzi ukaidi wa mashine kuanza na kusimama. Kila unapogeuza koili kutoka kushoto kwenda kulia, kilo zake zote bado zipo, na anayezisimamisha ni wewe. Dawa ni kupepeta polepole, na kugeuka kwa kiuno badala ya kurusha mkono. Bahati nzuri, mashine nayo inataka hivyo hivyo, maana ukipita haraka unaruka vipande vidogo. Badili mkono, pumzika kila baada ya saa, na bega ambalo tayari halipandi lipelekwe kwa daktari. Mkanda ni kinga, si tiba.

Kutengeneza nyumbani

Hili ndilo linalonifurahisha zaidi. Fundi cherehani yeyote anayeshona mabegi anaweza kuutengeneza. Anahitaji mikanda ya begi kuukuu, sponji ya godoro, kipande cha turubai, na tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe kwa kazi ya mpira. Sharti moja tu: vifungio karibu na koili viwe vya plastiki. Chuma kikining'inia mbele, mashine itakitangaza kuwa ni mali. Simu nayo ikae mbali, na buti zenye chuma kwenye vidole ziachwe nyumbani.

Ukitaka kuijaribu mashine hapa kabla ya kuipeleka, omba ruhusa uani kwa rafiki. Usiende popote tu. Katika ardhi ya umma ya Texas mambo ya kale yanalindwa na sheria tangu 1969, na hifadhi za jimbo zinataka kibali. Na tukumbuke tulipo: mwaka 2018, hapa Sugar Land, ujenzi wa shule ulifichua mabaki ya watu 95, wanaoaminika kuwa wafungwa Weusi waliokodishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Ardhi hii ilibebeshwa watu mizigo bila huruma. Nyumbani Tanzania nako, Sheria ya Madini ya 2010 inataka leseni, kwa hiyo ndugu yako awe na karatasi zake kabla hujamtumia chochote.

Kaka yangu je? Daktari alimpumzisha. Wenzake walikubali kuifungua ile mikamba kwenye pikipiki, nikawaelekeza kwa simu ya video, fundi wa pale akaongeza sponji. Siku ya kwanza walichekana kwamba wamevaa kama watoto wa shule. Siku ya tatu wakaanza kugombea nani auvae. Yeye sasa anapepeta kwa mkono wa kushoto, saa mbili mbili, na wa kulia unarudi taratibu. Shati anavaa mwenyewe.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliona ni kilo mbili na nusu tu, kwa sababu bega halikuwa langu. Basi ukimpelekea ndugu yako mashine, mpelekee na maelezo, na umwambie kwa lugha anayoielewa ule mkanda mweusi ni wa nini.

Nawatakia masomo mema na migongo mizima.