Milimita Mbili za Klachi

Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huingia nchini yakiwa otomatiki. Giaboksi ya otomatiki ikifa, mwenye gari wa Dodoma hupiga hesabu haraka: kuitengeneza ni ghali, na fundi wa kuifungua hapatikani kila mtaa. Basi huagizwa giaboksi ya gia za mkono kutoka Ilala au Gerezani jijini Dar es Salaam, inapakiwa kwenye gari la mizigo, na baada ya siku chache imeshafungwa. Injini inawaka na kutulia vizuri. Lakini mguu ukikanyaga klachi, gia namba moja inasaga na ya nyuma inakataa kabisa.

Hapo ndipo fedha zinapoanza kuyeyuka. Giaboksi inashushwa, klachi pleti mpya inanunuliwa, giaboksi inapandishwa, na gia zinasaga vilevile. Mimi nasema hivi: klachi inayogoma mara tu baada ya kubadilisha giaboksi isifunguliwe kabla haijapimwa kwa rula. Mara nyingi pleti haina kosa lolote.

Tuangalie kinachotokea. Flaiwili imefungwa kwenye injini na inazunguka muda wote injini inapowaka. Klachi pleti imekaa kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Kati ya flaiwili na presha pleti, klachi pleti inabanwa kama karatasi kati ya viganja viwili, na ndiyo maana nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu. Dereva akikanyaga, beringi ya klachi inasukuma vidole vya springi, presha pleti inarudi nyuma, na karatasi inaachiwa. Isipoachiwa yote, shafti inaendelea kuburutwa, na meno ya gia yanakutana yakiwa yanazunguka kwa kasi tofauti. Mlio unaousikia ni huo.

Swali ni presha pleti inarudi nyuma kiasi gani. Chukua mfano wa klachi ya haidroli iliyo ya kawaida. Mguu unashusha pedali milimita 150. Pedali ni wenzo wa tano kwa moja, kwa hiyo pistoni ya masta silinda inasogea milimita 30. Masta ikiwa na kipenyo cha 5/8 ya inchi na slevu silinda ya chini 13/16, fimbo ya slevu inatoka milimita 17.7 hivi. Uma wa klachi unapunguza tena, beringi inasogea karibu milimita 10, na vidole vya springi vinapunguza kwa mara ya mwisho. Kwenye presha pleti yenyewe zinabaki milimita 2. Nazo hazibaki zote, kwa sababu klachi pleti ina springi nyembamba katikati ya nyuso zake mbili, nayo hutanuka kidogo inapoachiwa. Uwazi halisi ni kama nusu milimita kila upande.

Kwa hiyo hewa kidogo ndani ya bomba inatosha kuharibu kila kitu. Kadhalika masta silinda iliyofungwa kwenye bati ambalo kiwandani halikutengenezewa klachi. Hili nalisisitiza, maana ni kosa la magari yaliyogeuzwa hasa: bati linapinda pedali inapokanyagwa, na mwendo unaishia kwenye bati badala ya kwenye mafuta. Mwombe mtu akanyage, wewe fungua boneti uangalie masta. Ikisogea hata kidogo, umeshapata tatizo, na dawa yake ni kuimarisha bati kwa chuma.

Kisha ingia chini ya gari. Piga alama ya chaki kwenye fimbo ya slevu, mwenzako akanyage mpaka mwisho, pima. Gari nyingi ndogo hutaka kama sentimita moja na nusu. Ukipata milimita 8, usiguse giaboksi. Kwanza toa hewa. Kama gia zinaingia vizuri baada ya kupampu pedali mara tatu nne, ni hewa au mpira wa silinda unaopitisha. Fimbo ikibaki fupi hata baada ya hapo, soma namba zilizochongwa kwenye ubavu wa silinda. Slevu ya giaboksi iliyotoka gari jingine inaweza kuwa pana kuliko masta yako inavyoweza kulisha. Ya 3/4 badala ya 13/16 huongeza mwendo wa fimbo kwa milimita 3, ingawa pedali itakuwa nzito kidogo. Na tafadhali, weka mafuta ya breki yenye alama ya DOT. Mafuta ya injini au ya haidroli huvimbisha mipira ya silinda.

Rula ikionyesha mwendo mzuri na gia bado zinasaga, sasa kuna sababu ya kushusha giaboksi. Angalia kwanza klachi pleti imekaa upande gani, kwa sababu ikigeuzwa, kitovu chake kinagonga bolti za flaiwili na haiachii hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Angalia beringi ndogo iliyo mwisho wa krenki, ile inayoshika ncha ya shafti. Injini nyingi zilizotoka kiwandani na otomatiki hazina beringi hiyo, na fundi asiyejua hufunga bila kuiweka.

Kosa linalonisikitisha zaidi linatokana na kukosa jeki ya giaboksi. Gereji nyingi za mjini, kuanzia Kizota hadi Majengo, hufanya kazi chini ya miti; mafundi wawili hubeba chuma cha kilo 40 au zaidi vifuani, wakiingiza shafti kwa kubahatisha. Mmoja akichoka, giaboksi inaning'inia kwenye kitovu cha klachi pleti, na pleti mpya inapinda kabla haijatembea hata hatua moja. Wengine huivuta kwa bolti ikigoma kuingia. Giaboksi iliyolengwa vizuri husukumwa kwa mkono mpaka iguse injini. Bolti ni za kukaza tu.

Halafu kuna vumbi letu. Dodoma mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine upepo unabeba udongo uliotokana na miamba ya matale. Ndani yake mna chembe za kwazi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Waingereza walilipata somo hilo Kongwa kati ya 1947 na 1951, pale mradi wao wa karanga ulipoona majembe ya matrekta yakilika kwa udongo wa aina hiyo. Kwenye gari, njia ya vumbi ni tundu la uma wa klachi: mpira wake husahaulika sakafuni wakati wa kugeuza. Vumbi likikutana na grisi nyingi kwenye meno ya shafti linakuwa tope kavu, pleti haitelezi tena, na klachi inaburuta. Paka grisi nyembamba, futa iliyozidi, rudisha mpira.

Tatizo la pili, klachi kuteleza, lina kipimo chepesi. Funga handbreki, ingiza gia namba nne, ongeza moto kidogo, achia pedali. Injini ikizima, klachi inashika. Ikiendelea kuunguruma, tafuta oili inayovuja kutoka sili ya nyuma ya krenki, au fimbo ya slevu iliyo ndefu mno inayoikandamiza beringi muda wote. Usikae na ugonjwa huu. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa wepesi wa hewa. Dereva hufidia kwa moto mwingi na nusu klachi, na kabla hajaumaliza mlima mkali kama Sekenke harufu ya kuungua imeshajaa ndani.

Mwenye gari, kabla hujalipia klachi nyingine, mwambie fundi apime fimbo ya slevu mbele yako, na uziandike milimita hizo kwenye daftari la gari.