Mto na Udongo wa Rufiji

Ardhi anayoilima Mrufiji haikuzaliwa Rufiji. Asili yake ni miamba migumu ya kale ya Udzungwa na nyanda za juu za kusini, ambayo jua na mvua zimeipasua na kuisaga kwa dahari nyingi, pamoja na mawe ya mchanga ya nchi ya Luwegu. Na vyote hivyo mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu huvichukua hata vikakutana katika mto mmoja, Rufiji, uendao baharini.

Mto ukifurika wakati wa masika, maji hupita kingo zake na papo hapo hupungukiwa na nguvu. Basi kilicho kizito hutua kwanza, nacho ni mchanga na tifutifu, vikajenga tuta refu kandokando ya mto, ilhali chembe nyembamba za mfinyanzi huelea hadi kwenye mabonde ya mbali, zikatuama huko pamoja na maji. Kwa sababu hiyo, mwenye kuuacha ukingo hupita, katika mwendo usio mrefu, ardhi mbili zilizo mbalimbali kabisa: ya kwanza ukiifinya ikiwa mbichi humong'onyoka kiganjani, nayo ni ya mahindi, maboga na kunde, ya pili hunata na kufinyangika, na kiangazi hupasuka nyufa ziwezazo kuingia mkono, nayo ni ya mpunga, kwa kuwa hushika maji wala haiyaachilii upesi.

Hapa ndipo inapodhihiri hekima ya mlau, kilimo cha baada ya mafuriko, ambacho kwa yakini kinastahili taadhima zaidi kuliko kinayopewa: maji yakiisha kupwa, mkulima hupanda katika tope jipya lenye unyevu, naye huweza kuvuna bila kungoja mvua nyingine. Na anayeviona vishamba vyake vimetawanyika, kimoja juu na kimoja chini, asidhani ni kukosa mpango. Mwaka wa gharika humbakishia cha juu, na mwaka wa maji haba humhifadhia cha chini. Watu wa bonde hilo walipohamishiwa vilimani na serikali miaka ya 1968 na 1969, walikuta kichanga kilichochujwa rutuba, chenye kufaa mikorosho na mihogo, na wengi wakaendelea kushuka bondeni kulima.

Tangu Desemba 2022 maji ya mto huu yamezuiwa katika bwawa la Julius Nyerere, na kila bwawa kubwa hukamata tope nyuma ya ukuta wake. Umeme na mgawo wa maji vimezungumzwa sana. Tope nalo, ambalo ndilo chakula cha mashamba ya bondeni, lapasa kupimwa kila mwaka, ijulikane ni kiasi gani kingali kinafika Utete, Mohoro na delta.