Mifupa Myekundu ya Pango la Paviland

Kusini mwa nchi ya Wales, kwenye rasi iitwayo Gower, magenge ya mawe ya chokaa huteremka wima mpaka baharini. Baina ya vijiji vya Port Eynon na Rhossili, kwenye uso wa genge mojawapo, umo mwanya mrefu uliochongoka juu mfano wa tone la maji. Wenyeji huuita Tundu la Mbuzi; katika vitabu vya elimu ya mambo ya kale unajulikana zaidi kwa jina la Pango la Paviland. Humo ndimo ilimopatikana, mwezi Januari 1823, mifupa ya binadamu ambayo wataalamu wameubishania umri wake kwa karibu miaka mia mbili.

Aliyeichimbua ni William Buckland, padre wa Kanisa la Kianglikana ambaye pia alikuwa mhadhiri wa jiolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Chini ya tabaka jembamba la udongo aliikuta sehemu ya kiunzi cha mtu, hasa ya upande wa kushoto, bila fuvu la kichwa. Mifupa hiyo ilikuwa imekolea ngeu, ule udongo mwekundu ambao mafundi seremala wa pwani ya Afrika Mashariki wameuzoea kwa kutilia alama mbao zao. Pamoja nayo zilikuwamo fimbo nyembamba na vipande vya bangili vya pembe, na makombe madogo ya konokono wa baharini karibu na paja. Jirani yake palikuwa na fuvu la mamothi, yaani yule ndovu mkubwa mwenye manyoya aliyetoweka zamani sana.

Mwanzoni Buckland alidhani amempata mwanamume, labda mtoza ushuru aliyeuawa na wafanya magendo. Baadaye akabadili nia. Mapambo yale yalimfanya aamini kwamba maiti ni ya mwanamke, na kwa kuwa juu ya genge mna mabaki ya boma la kale, akamweka katika enzi za utawala wa Warumi. Fuvu la mamothi halikumtatiza. Aliamini kwamba wanyama wale waliangamia katika gharika kuu, na kwamba hapakuwa na binadamu katika Uingereza wakati huo. Basi pembe lazima ziliokotwa na watu wa baadaye waliozikuta zimefukiwa pangoni. Si haki kumcheka. Alieleza kwa uangalifu kila alichokiona, na ni maelezo yake hayo yaliyowawezesha waliomfuata kumsahihisha. Kosa lake ni kwamba jibu lilikuwa tayari kabla ya kuchimba. Jina la "Bibi Mwekundu wa Paviland" limedumu hadi leo, ingawa hapakuwa na bibi.

Mwaka 1912 William Sollas, naye profesa wa Oxford, alilirudia pango. Alikusanya zana nyingi za mawe, akazilinganisha na zile za mapango ya Ufaransa, akatangaza kwamba maziko hayo ni ya Zama za Mawe za Kale, na kwamba mzikwa ni mwanamume. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa alikuwa kijana, pengine wa miaka ishirini na kitu. Lakini aliishi miaka mingapi iliyopita? Sollas hakuwa na njia ya kupima.

Njia hiyo ilipatikana baada ya Vita Kuu ya Pili. Katika angahewa mna kiasi kidogo cha kaboni-14, ambayo hutoa mionzi. Mimea huipata katika hewa ya ukaa, na wanyama huipata kwa kula mimea au kwa kulana. Kiumbe akisha kufa hapokei kaboni mpya, na ile iliyomo mwilini hupungua kwa mwendo usiobadilika: nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730. Mwanafunzi anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Baada ya miaka 29,000, yaani vipindi vitano hivi vya kupungua nusu, hubaki asilimia 3 tu. Sasa, endapo gundi au uchafu wa siku hizi utajipenyeza katika mfupa huo, hata ukiwa ni sehemu moja tu katika mia ya kaboni yote, kiasi kinachopimwa kitapanda kutoka asilimia 3 hadi karibu 4, na mfupa utaonekana kuwa mpya zaidi kwa miaka 2,000 na ushei. Mifupa iliyokaa katika majumba ya makumbusho kwa zaidi ya karne moja, ikishikwashikwa na kupakwa dawa za kuihifadhi, imo hasa katika hatari hiyo.

Ndivyo ilivyotokea. Kipimo cha miaka ya 1960, kilichoshughulikiwa na Kenneth Oakley, kilitoa umri wa miaka 18,000 na kitu. Jawabu hili lilizusha swali gumu, kwa maana nyakati hizo barafu kuu ilikuwa imefunika sehemu kubwa ya Wales. Nani angesafiri hadi ukingoni mwa barafu ili kumzika mwenziwe? Vipimo vilivyofuata vilifika miaka 26,000 hivi. Mwishowe Roger Jacobi na Thomas Higham waliusafisha upya utomvu wa mfupa kwa kuuchuja, na mwaka 2008 wakatoa umri wa miaka 29,000 ya kaboni. Kwa kuwa kaboni-14 ya angahewa haikuwa sawa nyakati zote, hesabu hiyo inaposahihishwa kwa miaka ya kalenda hufikia takriban 33,000. Wakati huo baridi haikuwa imefikia kilele chake. Bahari ilikuwa mbali, kiasi cha kilomita 100, na genge la Paviland lilitazama uwanda mpana wenye mamothi, vifaru wenye manyoya na kulungu wa baridi.

Mara nyingi maziko haya hutajwa kuwa miongoni mwa ya kale kabisa katika Ulaya ya Magharibi, na ndivyo yalivyo. Hata hivyo msomaji asisahau Pango la Panga ya Saidi, katika Kilifi nchini Kenya, ambamo mtoto wa miaka mitatu hivi alilazwa kaburini yapata miaka 78,000 iliyopita, kama ilivyotangazwa mwaka 2021.

Baada ya kijana wa Paviland barafu ilikuja ikaondoka, bahari ikapanda, na wakulima wakaingia. Hawa hawakuzika pangoni tu, bali walijenga. Katika rasi hiyo hiyo ya Gower, bonde la Parc Cwm lina rundo refu la mawe lenye ujia na vyumba vinne, lililogunduliwa mwaka 1869. Lina umri wa karibu miaka 5,800, na mna mabaki ya watu wapatao 40, mifupa ikiwa imechanganyika. Kaskazini, katika kisiwa cha Anglesey, kaburi la Bryn Celli Ddu lilielekezwa kwa ustadi hata jua la alfajiri ya siku ndefu kupita zote, mnamo tarehe 21 Juni, hupenya ujiani na kuangaza chumba cha ndani. Barclodiad y Gawres, katika kisiwa hicho hicho, liko juu ya genge la bahari. Mawe yake yamechorwa mizunguko na mistari ya upogo inayofanana na ya makaburi ya Ireland, ng'ambo ya maji.

Mifupa ya Paviland ingali Oxford. Mwaka 2007 iliazimwa kwa muda kwenye makumbusho ya Cardiff, na wapo Wawelsh wanaodai irudishwe kwao moja kwa moja. Pango lenyewe limebaki karibu tupu. Anayetaka kuliingia hupita juu ya majabali maji yakiwa yamekupwa, na hana budi kuangalia saa, kwani njia hiyo hufungika upesi bahari inapoanza kujaa.